Mahindi Yakitoa Mbelewele: Mwongozo Kamili wa Mzio wa Chavua kwa Wakulima wa Malindi

Mwezi wa sita ukifika, mama alikuwa akiingia shambani kwetu Ganda asubuhi akiwa mzima, na ikifika saa nne tunamsikia kwa chafya kabla hatujamwona. Chafya sita, saba, mfululizo, kimya kidogo, kisha tena. Akitoka kwenye mahindi macho yamekuwa mekundu, kope zimevimba, na pindo la leso limelowa kwa kupangusa pua. Majirani walisema ni mafua ya baridi ya kusi. Wengine walisema ni kijicho. Dukani aliuziwa vidonge vya kuua bakteria mwaka baada ya mwaka, akavimeza vyote, na "mafua" yakaisha wiki ileile ambayo yangeisha hata asingemeza kitu.

Yalikuwa yakija mbelewele, yale maua ya kiume ya kileleni mwa mahindi, zinapofunguka na kuondoka zinapokauka. Huo ni mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, na chanzo chake ni chavua, ule unga wa manjano unaotoka kwenye maua ya mimea. Mimi nimerithi pua yake, kwa sababu mwelekeo wa kupata mzio hutembea katika ukoo, na nimeishi na jambo hili tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Ninachotaka mkulima mwenzangu akishike ni kwamba ugonjwa huu una kalenda, na kalenda yenyewe umeishika wewe uliyetia mbegu ardhini. Unaweza kuhesabu siku ukajua utakuja lini, ukaanza kujikinga kabla ya chafya ya kwanza.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni mzio

Mzio wa pua huwasha. Pua inawasha, kaakaa linawasha, macho yanawasha mpaka unatamani kuyasugua na kiganja, na wakati mwingine hata ndani ya masikio. Kamasi ni jepesi na jeupe kama maji. Chafya huja kwa mkupuo. Homa hakuna. Mafua ya kawaida huja na uchovu wa mwili na koo kuuma, kamasi huwa zito baada ya siku chache, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja au siku kumi. Dalili zikipita wiki mbili bila homa, tena zikizidi ukiwa shambani na kupungua ukiwa mjini au baharini, fikiria mzio.

Kuna mambo matatu ambayo hayafai kubandikwa jina la aleji. Homa kali, kutetemeka na maumivu ya viungo huku kwetu Pwani ni sababu ya kupimwa malaria siku hiyohiyo. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kukonda, au jasho jingi usiku ni sababu ya kupima kifua kikuu, na kipimo hicho na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. La tatu ni sumu ya shambani. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, wengi wetu tunapulizia mahindi kuliko zamani. Mtu akitoka kupulizia akitokwa na mate na jasho jingi, akitapika, misuli ikichezacheza na mboni za macho zikiwa ndogo sana, hiyo ni sumu. Vua nguo zake, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa au lebo ya dawa aliyotumia.

Halafu angalia kazi uliyokuwa ukiifanya dalili zilipoanza. Ukipiga chafya wakati wa kupukuchua mahindi makavu, kupepeta, au kufungua gunia lililokaa ghalani, chavua imekwisha kupita zamani. Hapo unasumbuliwa na vumbi la nafaka na ukungu. Kinga ya barakoa inafanana, lakini dawa ya ghala ni kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyahifadhi, maana ukungu hupenda nafaka yenye unyevu.

Hatua ya pili: mjue mmea unaokusumbua

Hapa pana mengi, na hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa sababu jicho hukimbilia ua linalopendeza. Maua mazuri yenye rangi na harufu huchavushwa na nyuki na vipepeo, na chavua yao hunata, haipeperuki sana. Inayotusumbua ni ile ya mimea inayotegemea upepo, na maua ya mimea hiyo wala huyaoni kama maua.

Mahindi ni mfano wa karibu. Mbelewele moja hutoa mamilioni ya punje za chavua, na kila punje ina upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kubwa kwa chavua. Kwa uzito huo nyingi huanguka ndani ya shamba lenyewe au pembezoni mwake. Kwa hiyo mzio wa mahindi humpata hasa aliye ndani ya mistari, na mwenye nyumba iliyogusana na shamba. Aliye mjini, kule Shela au Barani, hasumbuliwi na mahindi ya Ganda.

Ukitaka kuiona, chukua kitambaa cheusi mwendo wa saa tatu asubuhi, umande ukishakauka. Kiweke chini ya mbelewele iliyoanza kuning'iniza vijifuko vyake, uigonge kwa kidole mara moja. Kitambaa kitajaa unga wa manjano hafifu kama unga wa dengu. Ukiupaka kidogo mkononi na ngozi ikaanza kuwasha na kutoa vipele ndani ya dakika kama kumi na tano, umepata dokezo, ingawa si kipimo cha hospitali. Mwenye pumu asilijaribu hili kabisa.

Nyasi ni habari nyingine. Mahindi, ukoka, mpunga na miwa ni ukoo mmoja, na mwili uliozoea kukataa chavua ya mmoja mara nyingi hukataa na ya nduguze. Chavua ya ukoka ni ndogo, kama theluthi ya ile ya mahindi kwa upana, kwa hiyo husafiri mbali zaidi. Ndiyo sababu mtu anaweza kukaa nje ya shamba na bado akaumia: ukoka wa uwanja wa mpira na nyasi za kandokando ya barabara ya Kakuyuni zinatoa maua baada ya mvua ileile iliyokuza mahindi.

Mivinje imeongezeka sana kuanzia Gede hadi Magarini, watu wanapanda kwa ajili ya nguzo za kujengea. Ni mti unaochavushwa na upepo, na ua lake la kiume ni kijikia cha rangi ya kahawia kwenye ncha za vijiti. Ukiona vijikia hivyo na chini ya mti pamepakwa unga wa kahawia, weka alama katika daftari lako. Mathenge nayo, ile miti ya miiba iliyoletwa Pwani miaka ya 1970, chavua yake inajulikana katika nchi nyingi kavu kuwa chanzo cha mzio.

Minazi hutoa maua mwaka mzima. Mgema anayepanda mnazi kila asubuhi na jioni anaweka uso wake penye karara, kwa hiyo akiwa na mzio wa mnazi hana msimu wa kupumzika. Miembe na mikanju chavua yao haisafiri mbali. Humpata zaidi anayefanya kazi chini ya mti uliochanua. Ngozi ikiungua kwa utomvu wa embe au mafuta ya ganda la korosho, hilo ni jambo la ngozi na halihusiani na chavua.

Hatua ya tatu: hesabu siku kutoka mbegu

Mahindi yetu ya Pwani, kama PH1 na PH4, hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne, na mbelewele huanza kutoka kati ya siku ya 50 na ya 60 baada ya kupanda. Ukipanda tarehe 10 Aprili, mvua za mwaka zikiwa zimeshika, tarajia mbelewele kati ya tarehe 30 Mei na tarehe 9 Juni. Mbelewele moja humwaga chavua kwa siku tano hadi nane hivi, lakini kwa kuwa mimea haifunguki yote siku moja, shamba zima huchukua kama wiki mbili.

Nunua daftari la shule la bei ndogo. Andika tarehe ya kupanda, ya kwako na ya jirani aliye upande wa upepo, maana mahindi yake pia yanakuhusu. Zungushia tarehe ya siku ya 35, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya kuanza dawa ya pua nitakayoieleza. Kisha kila jioni ya msimu andika mambo machache tu: chafya nyingi au chache, macho, kifua, ulikuwa wapi, na mvua ilinyesha au la. Daftari la miezi miwili litamwambia daktari mengi kuliko utakavyoyakumbuka ukiwa umekaa mbele yake. Mimi daftari ndilo lililonionyesha kuwa siku zangu mbaya zaidi zilikuwa zile za kufyeka ukoka nyuma ya nyumba, na mahindi yalikuwa ya pili.

Hatua ya nne: panga kazi kwa saa na kwa upepo

Maliza palizi ya pili na mbolea ya kukuzia kabla ya siku ya 50. Mahindi yakishatoa mbelewele hakuna kazi kubwa inayokulazimu kuingia katikati ya mistari, isipokuwa kuwinga ndege, tumbili na nyani. Winga ukiwa pembeni, upande upepo unakotoka. Msimu wa kusi upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo kaa pembe hiyo ya shamba, chavua iende mbele yako.

Saa mbaya ni kuanzia umande ukikauka, kama saa tatu asubuhi hadi saa tano. Ukilazimika kuingia, ingia alfajiri majani yakiwa bado yamelowa, au alasiri. Baada ya mvua ya taratibu hewa huwa safi. Dhoruba ya radi ni kinyume chake: unyevu hupasua chavua ya nyasi ikawa vipande vidogo vinavyofika mpaka kifuani, na mwenye pumu akae ndani.

Usikate mbelewele zote kwa hasira. Nimeona mtu akifanya hivyo. Bila chavua kuangukia zile ndevu, gunzi hutoka bila punje.

Mavazi: barakoa ya kawaida ya hospitali inatosha kuzuia punje kubwa kama za mahindi, mradi imebana puani. Leso iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikafungwa mara mbili, ni bora kuliko kuacha uso wazi. Vaa miwani, hata ya jua, iliyozunguka hadi kando. Funga nywele. Paka mafuta mazito kidogo pembeni mwa matundu ya pua, yatanasa chavua kabla haijaingia. Ukirudi, vua nguo za shamba nje, usizipeleke kitandani, oga na uoshe kichwa kabla ya kulala, kwa maana chavua ya kwenye nywele hulala nawe kwenye mto. Nguo zilizofuliwa usizianike ukutani mwa shamba wiki hizo. Ukoka wa nyumbani mwombe mwingine aufyeke kabla haujachanua.

Hatua ya tano: osha pua

Tiba hii ni ya bei rahisi kuliko zote, na wanaoswali wameizoea kwa namna yake, maana katika udhu maji hupandishwa puani. Kwa mzio tunaongeza chumvi na tunaosha kwa kina.

Chemsha maji nusu lita mpaka yatokote vizuri kwa dakika kadhaa, funika, yaache yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ukisawazishe, ukoroge mpaka iyeyuke. Usitumie maji ya kisima bila kuchemsha hata yakiwa na chumvichumvi ya asili: chumvi ya kisima haiui vijidudu, na pua iko karibu sana na ubongo. Kama kisima chako ni cha chumvi sana, tumia maji ya mvua au ya bomba, nayo yachemshwe.

Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande ili tundu moja liwe juu, fungua mdomo upumue kwa mdomo. Kwa birika ndogo au sirinji kubwa isiyo na sindano, mimina taratibu kwenye tundu la juu. Maji yatatokea tundu la chini, mengine mdomoni, yateme. Geuza, rudia upande wa pili, kisha puliza pua polepole bila kuziba matundu yote mawili. Yakichoma, chumvi haikupimwa vizuri. Fanya jioni baada ya shamba, na asubuhi ukihitaji. Vyombo vioshwe na kukaushwa, na maji yaliyobaki yamwagwe.

Hatua ya sita: dawa

Kwa chafya na kuwasha, vidonge vya setirizini au loratadini, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima, hufanya kazi vizuri na havilazi sana, ingawa setirizini huwalaza baadhi ya watu. Ile ya zamani, klorfeniramini, ambayo wengi tunaijua kama Piriton, inasaidia lakini inalaza hasa. Usiimeze kisha ukapanda bodaboda, ukashika panga au ukapanda mnazi. Kipimo cha mtoto hutegemea umri na uzito, mwulize mfamasia. Mjamzito na anayenyonyesha aanze na kuosha pua, na kidonge akiulizie kliniki.

Pua ikiziba, vidonge hivyo havitoshi. Dawa yenye nguvu zaidi kwa mzio wa pua ni ya kupulizia puani yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), kama beklometasoni au flutikasoni. Watu huiacha baada ya siku mbili wakidhani haifai, kumbe inahitaji siku kadhaa, hata wiki mbili, kufikia nguvu yake yote. Ndiyo maana nikasema siku ya 35: unaianza wiki mbili kabla ya mbelewele, unaendelea kila siku mpaka zikauke. Jinsi ya kupulizia ina maana kubwa. Puliza pua kwanza, tikisa chupa, inamisha kichwa mbele kidogo. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia, ncha ielekee upande wa jicho, mbali na ukuta wa katikati. Vuta pumzi polepole. Ukiivuta kwa nguvu inaishia kooni, na ukiielekeza katikati pua itatoka damu.

Matone ya kuzibua pua haraka, yenye ksilometazolini au oksimetazolini, yasipite siku tatu hadi tano. Ukizidisha, pua huziba zaidi kuliko mwanzo na unakuwa mtumwa wa chupa. Mwenye shinikizo la damu asinunue vidonge vya kuzibua pua bila kuuliza.

Macho yakandwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi safi, usisugue. Usitie asali wala maziwa ya mama. Matone ya macho yenye steroidi yasitumike bila kupimwa, yanaweza kuharibu jicho.

Kuna sindano ambayo nimeona ikiuzwa kwa wakulima kama "ya kumaliza aleji ya msimu". Mara nyingi ni steroidi ya kukaa mwilini wiki kadhaa. Hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa ikirudiwa, na ikishaingia huwezi kuitoa. Nilichomwa mwaka fulani bila kuelezwa ni nini, na bado nina uchungu kwamba sikuuliza jina lake. Uliza jina la kila dawa kabla mkono haujakunjuliwa.

Vidonge vya kuua bakteria haviponyi mzio. Asali nayo ni chakula kizuri, lakini haijathibitika kuzuia mzio wa chavua. Vipimo vya ngozi na vya damu vya kutambua mzio vipo zaidi katika hospitali kubwa za mijini, na kabla ya kipimo cha ngozi hutakiwa kuacha vidonge vya mzio kwa karibu wiki moja.

Kifua kikibana, acha mambo ya pua

Mzio wa pua na pumu hutembea pamoja. Mluzi kifuani, kikohozi cha usiku, au kubanwa ukilima ni sababu ya kwenda zahanati hata kama chafya huzihesabu. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mdomo ukiwa wa buluu, au mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, apelekwe hospitali wakati huohuo, huku akipewa inhela ya salbutamoli, ile ya kufungua kifua, njiani kama anayo. Mtoto asiyejua kuvuta inhela hutengenezewa chombo kwa chupa ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu: toboa kitako tundu linaloingia mdomo wa inhela kwa kubana, mtoto aweke mdomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, avute pumzi tano au sita, kisha bonyeza tena. Moshi wa kuchoma shamba na wa kuni humzidishia, mwondoeni penye moshi kwanza.

Jambo dogo ambalo huwatisha watu: wenye mzio wa nyasi wengine huwashwa mdomo wakila tikiti au nyanya mbichi. Nyanya ikipikwa kwa kawaida haina neno. Lakini koo likivimba au pumzi ikikatika baada ya kula, hiyo ni dharura.

Kabla ya kupanda tena

Nyumba yetu ilikuwa imezungukwa na mahindi pande zote, na wakati wa kusi yale ya kusini yalikuwa yakimwagia chavua yake dirishani pa mama. Sasa upande huo tumepanda mihogo na kunde, na mahindi ya mvua za mwaka yako kaskazini-magharibi, nyuma ya jiko. Kwa vuli tunageuza, kwa sababu mahindi ya Oktoba hutoa mbelewele mwezi wa Desemba kaskazi likivuma, kwa hiyo yanakwenda kusini-magharibi. Shamba halikupungua hata tuta moja. Mwezi wa kumi ukiingia mama hunipigia simu kuuliza mbegu tunatia tarehe ngapi, kisha nasikia akiniacha kwenye laini, anakwenda kutafuta kalamu aizungushie siku ya 35 kwenye kalenda ya ukutani.